Maswali ya Wasomaji: Nimepata Kazi ya Hospitali Kisumu, Nipange Nyumba Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wahudumu wa afya walioitwa kazi Kisumu na Nakuru. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa inagusa karibu kila mtu anayefanya kazi ya zamu.

SWALI: Hamjambo wahariri? Mimi ni muuguzi kutoka Kitui. Nimeitwa kazi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, na nina wiki tatu za kujiandaa. Sijawahi kuishi Kisumu wala sina jamaa huko. Kuna wanaoniambia nikae Kondele kwa sababu ni karibu, wengine Riat kwa sababu kuna hewa nzuri, na binamu yangu anasisitiza Milimani kwa ajili ya usalama. Niko peke yangu, nitakuwa na zamu za usiku, na kodi nisingependa ipite shilingi 12,000. Nianzie wapi?
*Dada wa Kitui*

JIBU: Dada, hongera. Kabla hujatafuta nyumba, tafuta rota, yaani ratiba ya zamu. Mpigie msimamizi wa wauguzi umuulize mambo mawili tu: zamu ya usiku inaingia na kutoka saa ngapi, na kwa mwezi mtu hufanya ngapi. Mwenye kazi ya ofisini huangalia kodi na umbali, basi. Wewe una mengine mawili yanayozidi hayo uzito: njia utakayopita gizani, na usingizi utakaoulala mchana. Nyumba ikishindwa katika moja ya hayo, utaihama kabla ya miezi sita hata kama kodi ni nafuu.

Tuanze na njia. Hospitali yenyewe iko kando ya barabara ya Kakamega, jirani na Kondele. Mwenye bodaboda mwambie "Russia", maana ndivyo inavyojulikana tangu ilipojengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960. Mvua ya Kisumu ina tabia ya kujikusanya alasiri na kumwagika jioni, pamoja na radi na upepo, hasa kati ya Machi na Mei. Hiyo ndiyo saa unayotoka kuingia zamu. Mvua ikianza, bodaboda hupungua, nauli hupanda, na vichochoro vya udongo huwa matope. Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, usiishie kuuliza ni dakika ngapi kwa pikipiki. Tembea kwa miguu kutoka mlangoni hadi barabara ya lami, saa moja jioni, uone taa ziko wapi na maji yanatuama wapi. Sehemu hiyo isiyo na lami ikizidi mwendo wa dakika tano, tafuta nyumba nyingine.

Kondele ni karibu kweli, na chakula na usafiri utavipata hadi usiku. Tatizo lake ni kelele. Soko, muziki, matatu na vilabu havipumziki, na mchana unapotaka kulala ndipo pamechangamka zaidi. Tena siku za maandamano barabara ya pale huwa miongoni mwa za kwanza kufungwa. Ukipata ploti iliyojificha nyuma, mbali na barabara kuu, unaweza kuifikiria. Ghorofa inayotazama stendi, hapana.

Sisi tungeanza Migosi. Ni mtaa wa makazi ulio karibu na Kondele, una bedsita na nyumba za chumba kimoja cha kulala, na tuktuk na bodaboda hupatikana. Ukisogea mbele kuelekea Kenya Re na Lolwe, utulivu huongezeka na kodi nayo hupanda, lakini nyumba ndogo za mtu mmoja zipo. Manyatta ni nafuu zaidi na pia si mbali, ila huko huchagui mtaa, unachagua kichochoro. Kuna njia zenye taa na majirani wanaojuana, na kuna zinazopitiwa na maji kila mvua inaponyesha, hasa karibu na mto Auji. Tazama ukuta wa nje chini: mstari wa matope uliokauka ukutani utakueleza maji hufika wapi, hata kama mwenye nyumba atanyamaza.

Riat ina hewa, ni kweli, kwa sababu iko juu mlimani. Nayo pamoja na Mamboleo ziko upande wa barabara hiyohiyo ya Kakamega, kwa hiyo mchana matatu moja inakutosha. Usiku ndipo hesabu inapobadilika. Matatu huwa chache, na kutoka stendi hadi nyumbani utahitaji pikipiki ya kupandia mlima. Tuseme bodaboda ya usiku ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Zamu 22 kwa mwezi ni 4,400. Nyumba iliyokuokolea 3,000 kwenye kodi imekwisha kula akiba yake na zaidi. Piga hesabu hiyo kwa nauli halisi utakayotajiwa na waendeshaji wawili tofauti, si na ajenti.

Milimani ni tulivu, ina miti na walinzi, lakini kwa 12,000 utakachopata huko kwa kawaida ni chumba cha nyuma kwenye boma la mtu. Pia ni lazima uvuke mji mzima kufika Russia. Ingekuwa umeajiriwa katika hospitali iliyo katikati ya mji, ushauri wa binamu yako ungekuwa wa kwanza.

Sasa usingizi, na hapa tunaomba utulie nasi kidogo kwa sababu ndipo wengi hukosea. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza upande wa mashariki, hupita karibu na utosi, na kuzama upande wa magharibi. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoiva. Za kaskazini na kusini hupata nafuu. Ukitoka zamu na kulala saa tatu asubuhi, chumba chenye dirisha la mashariki kitakuwa tayari kimepigwa na jua tangu alfajiri. Cha magharibi kitakustahimilia hadi saa saba hivi, kisha kitakuamsha kwa jasho. Kwa hiyo dirisha la chumba cha kulala liangalie kaskazini au kusini. Simu yako ina dira; ifungue ukiwa umesimama dirishani.

Ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati iepuke, hasa kama haina dari. Bati la Kisumu saa nane mchana halivumiliki, na feni itakusukumia hewa ileile ya moto. Ghorofa ya kati ndiyo bora: ghorofa iliyo juu yako inabeba jua, na mbu na maji ya mvua yanabaki chini. Nenda uone nyumba saa nane mchana siku ya kazi, uweke kiganja kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha kulala. Ukiwa na joto linalohisika, ukuta huo utaendelea kutoa joto hadi usiku. Ukiwa hapohapo, nyamaza dakika kumi usikilize. Kinu cha posho, fundi wa kuchomelea vyuma, uwanja wa shule, spika za kanisa: vyote hivyo usingevisikia Jumamosi jioni ambapo ajenti angependa uje.

Lango nalo. Ploti nyingi hufunga lango saa nne au tano usiku na ufunguo hubaki kwa msimamizi. Wewe unaweza kuitwa usiku wa manane, au kutoka zamu ya jioni saa tano. Uliza: je, nitapewa ufunguo wangu? Jibu likiwa "utapiga simu utafunguliwa", muulize mpangaji mwingine kama simu hiyo hupokelewa. Kusimama nje ya lango gizani ni hatari kubwa kuliko safari yenyewe.

Kuhusu maji, usiulize kama yapo, maana utaambiwa yapo. Uliza yanakuja siku gani na tanki ni la lita ngapi, kisha hesabu milango. Tanki la lita 5,000 kwa nyumba 10 ni lita 500 kila nyumba, yaani jerikeni 25. Familia ya watu watatu, kila mmoja akitumia jerikeni nne kwa siku kwa kuoga, choo na kufua, itayamaliza kwa siku mbili hivi. Mfereji ukikauka siku nne, kuna siku mbili za kununua maji kwa mkokoteni. Wewe uliye peke yako unaweza kujikinga kwa pipa moja la lita 210 lenye kifuniko kinachobana. Fungua bomba la ghorofani saa moja jioni, wakati wote wanapika na kuoga. Likitiririka vizuri saa hiyo, huna haja ya maelezo mengine.

Umeme: nunua tokeni za shilingi 100 kwa namba ya mita ya nyumba hiyo kabla ya kulipa dipositi. Ukipata uniti kidogo kuliko jirani aliyenunua kwa pesa hizohizo, mita ina deni la aliyetangulia, na deni hilo litakatwa kwako polepole. Kama ni mita ndogo ya mwenye nyumba, uliza anauza uniti moja kwa shilingi ngapi na iandikwe kwenye mkataba.

La mwisho kwako ni fedha. Waajiriwa wapya wa serikali mara nyingi husubiri mshahara wa kwanza mwezi mmoja, miwili au zaidi hadi waingie kwenye orodha ya malipo, kisha hulipwa malimbikizo. Kodi haisubiri. Kwa nyumba ya 12,000, siku ya kuingia utatoa kodi ya mwezi 12,000 na dipositi 12,000, na pengine dipositi ya maji na umeme. Ukiongeza kodi ya miezi miwili inayofuata, ni 48,000 kabla ya kununua kitanda. Kama huna kiasi hicho, usijilazimishe kuanza na nyumba kamili. Kaa wiki mbili au mwezi katika hosteli au chumba cha mwenzako wa kazini, tena karibu na hospitali. Wauguzi wa wodi yako watakuonyesha nyumba zinazoachwa na wanaohamishwa, na hizo ndizo bora kwa sababu zimekwisha kukaliwa na mtu wa zamu. Usitume dipositi kutoka Kitui kwa nyumba uliyoiona kwenye picha.

SWALI: Mimi ni mtaalamu wa maabara, nahamia Kisumu kutoka Nyahururu na mke wangu mwenye mimba ya miezi minne na mtoto wa mwaka mmoja. Nimeona nyumba nzuri upande wa Dunga, karibu na ziwa, kodi nafuu, upepo mwanana. Mke wangu anaogopa malaria. Je, ni hofu tu?
*Baba Wawili, Laikipia*

JIBU: Ndugu, mkeo ana haki. Nyahururu iko juu ya mita 2,300, baridi yake haimpi mbu wa malaria nafasi, na miili yenu haina mazoea ya ugonjwa huo. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi na ni eneo ambalo malaria hupatikana mwaka mzima. Mkubwa aliyekulia ziwani anaweza kupata malaria akalala siku mbili akainuka. Kwa mjamzito au mtoto mchanga asiye na kinga, ugonjwa huohuo huenda mbio.

Dunga ina uzuri wake, lakini imepakana na ziwa na mafunjo, na ziwa lilipofura mwaka 2020 maji yaliingia kwenye makazi ya ufuoni. Sehemu za chini za Nyalenda nazo hutuama maji. Kwa familia yako tungependelea ardhi iliyoinuka na yenye mifereji inayotiririka: Kenya Re, Lolwe, au Riat kama una gari. Mtaa peke yake hautoshi, hata hivyo. Kagua nyumba. Angalia pengo kati ya ukuta na paa. Mbu huingia hapo zaidi kuliko mlangoni, na dari iliyofungwa vizuri huziba njia hiyo. Madirisha yawe na wavu usiotoboka, au mwenye nyumba akuruhusu uuweke. Zunguka nje utafute maji yaliyotuama: matairi, ndoo zilizotupwa, shimo la ujenzi lenye maji.

Yafanyeni haya wiki ya kwanza, si ya tatu. Mkeo aende kliniki ya wajawazito. Kwa kuwa ni eneo la malaria, atapewa chandarua chenye dawa na vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, ambavyo huanza kutolewa kuanzia wiki ya 13 na kurudiwa katika ziara zinazofuata. Mtoto apelekwe na kijitabu chake cha kliniki. Kisumu ni miongoni mwa kaunti za eneo la ziwa zinazotoa chanjo ya malaria, inayoanza mtoto akiwa na miezi 6. Kule mlikotoka haimo kwenye ratiba, kwa hiyo muuguzi hataiona kwenye kijitabu. Muulizeni mtoto wa umri wake anaanzaje. Na homa yoyote, ya mtoto au ya mama, ipimwe siku hiyohiyo. Wewe ni mtu wa maabara, unajua kipimo cha haraka huchukua chini ya nusu saa. Usimsubirishe mkeo umalize zamu ndipo mwende.

SWALI: Ajenti ananiomba 1,000 ya kuonyeshwa nyumba na "dipositi ya kuishikilia" kabla sijaiona. Anasema nyumba za karibu na hospitali huchukuliwa haraka. Nimpe?
*Mfamasia, Busia*

JIBU: Dipositi usitoe. Ada ya kuonyesha nyumba wengine huitoza kweli, na kama umeamua kuilipa, ilipe ukiwa mmesimama langoni na iwe ya nyumba zote atakazokuonyesha siku hiyo. Pesa ya kushikilia nyumba mlipe mwenye nyumba au msimamizi wa ploti aliyekuingiza ndani kwa ufunguo wake. Kabla ya kubonyeza tuma, linganisha jina linalotokea kwenye M-Pesa na jina lililo kwenye mkataba. Yakitofautiana, simama hapo.

Mkataba uwe na mambo manne: kodi na tarehe yake, dipositi na lini itarudishwa, notisi ya kuhama ni ya muda gani, na nani hulipia rangi ukitoka. Hilo la rangi ndilo huzua ugomvi mwingi kuliko kodi. Siku ya kuingia piga picha za kila ukuta, sinki, choo na kitasa, uzitume kwa mwenye nyumba kwenye WhatsApp ili tarehe ibaki. Na kwa kuwa nyinyi wa afya huweza kuhamishwa ghafla, jaribu kukubaliana kwamba barua ya uhamisho itatosha kuwa notisi ya mwezi mmoja hata kama mkataba ulikuwa wa mwaka. Wenye nyumba wengi watakubali wakiombwa mwanzoni. Ukiwaomba siku ya kuhama, hawatakubali.

SWALI: Mimi natoka Kisumu naenda Nakuru, hospitali ya rufaa ya kaunti. Nina watoto wa miaka mitatu na mitano. Nimeambiwa maji ya Nakuru huharibu meno. Nikae mtaa gani?
*Mama Wawili, Nyamasaria*

JIBU: Mama, umeambiwa kweli, ila tatizo liko kwenye visima. Miamba ya Bonde la Ufa hutia madini ya floridi kwenye maji ya ardhini, na visima vingi vya Nakuru huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto hudhurika yanapokuwa bado yanajengeka ndani ya fizi, hadi umri wa miaka minane hivi, kwa hiyo wako wote wawili wamo. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, floridi hubaki, na kiwango chake huongezeka. Vichujio vya kawaida vya mchanga au vya kauri navyo haviitoi. Vinavyofaa ni vya mkaa wa mifupa, ambavyo vimetengenezwa Nakuru kwa miaka mingi, na mkaa wake lazima ubadilishwe unapochoka. La sivyo, tenga maji safi ya mvua kwa kunywa na kupikia peke yake.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwenye nyumba liwe: maji haya ni ya kisima chenu au ya kampuni ya maji? Kiamunyi na pembeni mwa mji nyumba ni kubwa na nafuu, lakini mitaa ya pembezoni ndiyo inayotegemea visima zaidi. Omba karatasi ya vipimo vya maji; mwenye kisima aliyekichimba kihalali huwa nayo.

Kwa ukaribu, Milimani ya Nakuru na Section 58 zinafaa zaidi, kodi yake ikiwa juu kiasi. Ukikaa Kiamunyi au Lanet, pangia muda wa matatu mbili, moja ya kuingia mjini na nyingine ya kutoka kwenda hospitali, na foleni ya barabara kuu asubuhi. Sehemu za Mwariki zilizo karibu na ziwa zipite. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda yalifika kwenye nyumba za watu. Na kwa watoto waliozoea joto la Nyamasaria, nunua blanketi nzito na sweta kabla ya kuhama. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai huko ni baridi kwelikweli.